Kabla ya Kituo

Limbani saa ya nane, usiku maji hufika,
ndoo zetu zote nne, uani zimepangika,
nangoja bomba linene, taa ya simu yawaka,
hesabu zisiachane, mlinganyo natandika.

Kila tone lina mwendo, kila mwendo njia yake,
la nyuma lina vishindo, la mbele lenda kivyake,
wimbi hujikunja pindo, lapanda mabega yake,
kisha, kabla ya kituo,

paa!

Ukuta umegongwa kutoka ndani.
Mama kaketi kitandani: "Yarabi stara."
Miaka kumi anamfukizia ubani mgeni huyu
asiyekula, asiyekaa, anayebisha tu.

Namwambia: ni Kombo Faki, jirani, kafunga koki kwa pupa.
Maji yalikuwa mbioni.
Ya mbele yameambiwa simama, ya nyuma hayana habari,
maana habari nayo ina mwendo wake, hata ndani ya chuma.
Yanasukumana, yanabanana
(ndiyo, mama, maji hubanika,
kidogo mno, kama mtu mwenye adabu akitukanwa)
na mbano ule unarudi nyuma ndani ya bomba,
mita elfu na zaidi kwa sekunde,
umefika kwetu wewe hujamaliza bismillahi.

"Kwa hiyo shetani ni Kombo," anasema Bi Mize.
Anajifunika kanga. Halali.

Narudi kwenye karatasi.
Wimbi limejiangukia: mahali pamoja, kasi tatu.
Sufuria moja haiwezi kuwa na wali mbichi,
ulioiva, na ulioliwa jana.
Basi nachukua rula, nakata wima.
Upande huu hivi, upande ule vile, katikati hapana kitu,
hapana mteremko wa kupimwa.
Sharti moja tu halisamehewi:
kinachoingia ufani na kinachotoka, mizani isipinde.
Tofauti ya kinachopita, gawanya kwa tofauti ya kilichopo,
hiyo ndiyo kasi ya ufa.

"Soma kwa sauti," anasema gizani. Nasoma.
Kimya. Kisha:

"Baba yako alisema neno moja, kasimama mlangoni.
Mimi nachambua karafuu, vidole vyeusi.
Asubuhi mke. Adhuhuri si mke.
Huo mteremko wako sikuuona."

Kalamu imekauka mkononi.

"Niliingia na kasha, mikeka miwili, kipini.
Nilitoka na wewe tumboni, basi."

Mama, mizani hiyo imepinda.

"Haikupinda. Wewe hujui kujumlisha."

Sikumsomea ukurasa unaofuata.
Kwamba mlinganyo peke yake ungekubali ufa wa kurudi nyuma,
lakini dunia haukubali;
kwamba mistari yote huingia ufani, hautoki hata mmoja;
kwamba mawimbi mengi, ya sura mbalimbali,
huishia kwenye ufa ule ule,
na aliyesimama upande wa pili hawezi kusoma lipi lilikuwa lake.
Akanitangulia mwenyewe:
"Sauti yake ya kabla ya neno lile, siikumbuki tena.
Najaribu. Haipo."

Kitabu kinaliita suluhisho dhaifu.
Ukiliuliza nuktani, litababaika.
Liulize kwa eneo zima, kwa jumla, kwa miaka,
litakujibu bila kukosea.

Bomba limekohoa, likatema kutu, likatoa maji.
Ameinuka kabla yangu.
Ndoo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne imefika nusu, mgao unaanza kufifia,
naye anafunga koki taratibu, robo, tena robo,
akilipa wimbi muda wa kwenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi
kabla mkono wake haujamaliza.

Nasikiliza ukutani.
Hakuna aliyebisha.

"Inatosha ya wudhuu," anasema, "zima hiyo taa."